Njuga ya Mtachoka Nimeifunga Mimi

Baba Kulwa, mume wangu,

Sikuandikii kukujulia hali. Ningekuwa na njia ya kuijua hali yako nisingeshika kalamu, ningekuwa jikoni saa hizi nakwangua sufuria za wateja. Nakuandikia kukuambia nilichofanya Jumamosi kwenye shindano la mbwa, kabla hujakisikia kwa watu. Watu wa Tinde unawajua, habari wakiipeleka wao itafika imetiwa chumvi mpaka hailiki. Na barua yenyewe naiacha wazi, bila bahasha. Dereva wa lori la mchele anayekula hapa kwangu amesema ataifikisha Runzewe, na pale atampa mtu wa kuipeleka machimboni. Mwenye kuiokota aisome, asiyejua kusoma asomewe. Labda mmoja wao atasema, huyu mtu mimi namjua.

Kwa sababu hiyo itabidi nieleze na mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Usinicheke.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa bado msichana kwa mama yangu, kule karibu na Mwadui, nimekaa kwenye kingo za majaruba ya mpunga na ungo wa matobolwa, nawauzia viazi vyangu vikavu watu waliokuja kushangilia mbwa. Ukaja na mbwa mwembamba ambaye mbavu zake zilionekana zote, ukanunua fungu zima, na palepale mbele yangu ukaanza kumlisha yeye. Nilipandwa na hasira. Nilikuwa nimevichemsha mwenyewe, nimevikausha mwenyewe, nimefukuza kuku juani siku nzima. Nikakuuliza, "We kaka, chakula cha watu unampa mbwa?" Ukanijibu bila hata kuinua kichwa, "Dada, huyu ndiye anayefanya kazi. Mimi napiga kelele tu." Nikacheka, na kucheka kule ndiko kulikoniponza.

Siku ileile ukanifundisha kusikiliza. Nilikuwa nimekua nikiyaona mashindano hayo, lakini nilikuwa nayaona kama anavyoyaona mtu aliyekuja kuuza. Mgeni akisikia shindano la mbwa wa kuwinda anadhani ni mbio, au ni mbwa kung'atana. Sivyo. Mbwa wetu wakiwa kazini hawabweki, kwa hiyo kila mmoja hufungwa njuga shingoni, kengele ndogo ya chuma iliyofuliwa na mhunzi. Mpunga ukishavunwa, mbwa wanaachiwa kwenye mabua na nyasi ambamo kwale hujificha. Njuga inalia, inalia, mbwa ananusa huku na huku. Akimkuta ndege anasimama, mguu mmoja juu, na njuga inanyamaza. Kimya hicho ndicho kinachoshindaniwa. Mbwa mbovu si kwamba hamwoni ndege, ila hana subira naye, anamrukia, njuga inalia, mchezo umekwisha. Mbwa mzuri anasimama hivyohivyo mpaka mwenyewe afike polepole, apige mguu chini, kwale apae, na hapo ndipo wanawake tunaruhusiwa kupiga vigelegele. Waamuzi wanakaa wameligeuzia shamba mgongo, ili uso wa mwenye mbwa usiwapotoshe, wanahukumu kwa masikio. Zamani kwale aliishia chunguni. Tangu bwana nyama wa serikali apige marufuku kuua, wazee walikaa wakaafikiana kwamba ndege aende zake salama, na mbwa atakayemgusa hata unyoya ameshindwa.

"Usitazame," uliniambia. "Fumba macho." Nikafumba, mimi msichana mzima, mbele za watu, kwa sababu ya mwanaume aliyenunua viazi. Nikazisikia zile njuga kama zilivyo, moja nyembamba, moja nzito, moja ya haraka. Halafu ile nyembamba ikakatika. Ukaninong'oneza, "Huyo wangu." Sijui kama kuna mwanamke mwingine Shinyanga aliyetongozwa kwa namna hiyo.

Mtachoka ulimleta baadaye, sisi tumeshahamia huku kwenu Tinde, akiwa mdogo wa kuenea kwenye kofia yako. Mbwa wako wawili walikuwa wamekufa kwa kufuatana, na majirani walikuwa wanasema mchana kweupe kwamba nyota yako ya uwindaji imezimika. Hukujibizana na mtu. Ulimshika yule mtoto wa mbwa ukamwinua juu, ukasema jina lake ni Mtachoka. Kila alfajiri ukawa unapita naye nyuma ya nyumba ya Shija, mwenye mbwa bora wa upande wa kilimani, na kila ukipita unamwita kwa sauti, "Mtachoka! Mtachoka!" Mama yako akakuuliza, "Mbona unawatukana watu kwa kutumia mbwa?" Ukajifanya hujui kosa lako. "Mama, mimi namwita mbwa wangu tu."

Nilikuwa na mimba ya Kulwa na Doto wakati ule, tumbo limenitangulia, nawe hukuniacha nikae. Jioni tulikuwa tunakwenda wote watatu kwenye majaruba ya chini. Ulikuwa umefunga unyoya wa kwale kwenye fimbo, unauficha kwenye majani, unamfundisha kusimama. Ulinionyesha namna ya kutembea juu ya kingo bila kishindo, kisigino kwanza, kwa sababu ndege anasikia mguu kabla hajamwona mtu. Ulinifundisha kupiga mluzi wa vidole viwili. Mama yako alitusikia akaja amejishika kiuno. "Mwanamke hapigi mluzi, ataita nyoka nyumbani." Wewe ukasema, "Wakija, Mtachoka atatuambia." Alicheka bila kupenda, akaondoka akijifanya ana hasira. Mwaka uliofuata Mtachoka alishinda, na mwaka ule mwingine tena, na Shija mwenyewe akawa wa kwanza kuja kukushika mkono.

Halafu, miaka kadhaa baadaye, ukaja ule mwaka mpunga ulipokauka ungali kijani. Sitaueleza, kila mtu wa huku anaujua. Vijana walikuwa wanarudi kutoka upande wa Geita na maneno ya duara, yale mashimo ya dhahabu, kila mmoja ana rafiki aliyetoka na mawe ya kutosha kujenga. Nilikuambia maneno hayo ni ya walevi. Ulikubaliana nami kabisa, ukaendelea kufunga mzigo. Asubuhi ile ulimfungua Mtachoka njuga yake, ukaitundika kwenye msumari ndani karibu na mlango, ukasema, "Asiifunge mtu mpaka nirudi." Niliyaona maneno mazuri. Niliona ni ahadi.

Sikujua kwamba umetufunga sisi.

Kwa wasiojua, sheria ya shindano ni hii. Njuga hufungwa na mwenye mbwa kwa mkono wake, asubuhi, mbele ya watu wote. Mwenyewe asipokuwepo, Mzee Ngasa, mkubwa wa waamuzi, humwuliza aliyekuja na mbwa, "Mwenyewe yuko wapi?" Majibu ni mawili tu. Ukisema "Yuko njiani", basi mbwa anakaa pembeni mpaka msimu ujao, kwa sababu mbwa wa mtu aliye hai hachukuliwi. Ukisema "Amelala", mbwa anakuwa wako, unafunga njuga, anakimbia. Lakini hapo umeshatangaza msiba. Neno hilo likisemwa pale halirudi, ukoo unanyoa nywele, mke ni mjane, na hakuna tena wa kuuliza, jamani, fulani atarudi lini?

Mwaka wa kwanza nilisema uko njiani, na nilisema kwa sauti, maana simu yako ilikuwa bado inaita mara mojamoja. Mwaka wa pili simu ilikuwa haiiti kabisa. Tulikuwa tumesikia kwamba kuna duara lilititia mbele ya Runzewe na watu wakabaki chini. Majina hatukupata. Mmoja akasema ulikuwemo. Mwingine akaapa kwamba amekuona na macho yake unasaga mawe kwenye karasha, umenenepa. Shemeji yako, kaka yangu, alikwenda akazunguka huko mpaka nauli ikamwishia, akarudi na midomo imepasuka kwa vumbi, anasema kule watu hawatumii majina waliyopewa na baba zao. Kwa hiyo nikasema tena uko njiani. Safari hii watu walitazama chini.

Unajua kuishi na mtu aliye njiani kulivyo? Banda langu la chakula liko palepale njia panda. Kila basi la kutoka upande wa Kahama likisimama mimi nasimama. Mwiko mkononi, mteja ananiambia mama ugali unaungua, mimi natazama miguu inayoteremka. Nimeshajua viatu vya makonda wote. Siwezi kuketi nikamaliza kikombe cha chai. Nikifua nguo naacha katikati, nikienda kisimani narudi na ndoo nusu, kwa kuhisi kwamba nimechelewa mahali, sijui wapi. Mama yako anakubakizia chakula kila jioni, asubuhi anakipasha anakila yeye. Na ukiwa njiani, mtu haruhusiwi kulia ndani ya nyumba hii. Nilijaribu mara moja, mama yako akanifokea kama mtoto. Msafiri haliliwi, alisema, unamwitia mabaya huko aliko.

Na mbwa wako je? Siku za shindano namfunga kamba nyuma ya nyumba. Njuga za wenzake zikianza kulia huko bondeni, anachimba ardhi. Anazunguka mti mpaka kamba inaisha, anakaa, anatetemeka, anaanza tena kuzunguka upande wa pili. Ulimpa jina la kuwasema majirani, kumbe unatusema sisi. Mwaka huu nimeona mdomo wake umeshaota mvi, na akiamka asubuhi anajinyoosha mguu mmojammoja. Huu ndio ulikuwa msimu wake wa mwisho wa kuweza kukimbia. Mwakani angekuwa mbwa wa kulala mlangoni.

Ijumaa nilimwambia mama yako kwamba nakwenda na Mtachoka shindanoni. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Unakwenda kumkimbiza, au unakwenda kusema yuko njiani?"

"Sijui, Mama."

"Ukiifunga ile njuga umemzika mwanangu."

"Na nisipoifunga?"

"Usipoifunga anachelewa tu."

Nilitamani kumwambia kwamba mimi ndiye ninayechelewa, kwamba miaka yangu inapita pale njia panda inatazama viatu. Lakini yeye ndiye aliyekuzaa, na alikuwa amekwisha kugeuza ungo upande mwingine ili nisimwone uso. Nikaenda kupika.

Sasa nikuambie ya Jumamosi. Watu walikuwa wengi, wa mbugani upande wao, wa kilimani upande wao, kila upande na nyimbo zake za kuusimanga mwingine. Nilivaa kile kitenge cha bluu. Mtachoka nilimshika kwa kamba fupi na njuga nilikuwa nayo mfukoni, nimeiviringisha kwenye leso isilie. Nikuambie ukweli, niliondoka nyumbani nimekusudia kusema uko njiani. Nilitaka tu apate kuwaona wenzake kwa karibu, asikie harufu ya shamba, halafu turudi. Nilijidanganya kwamba hiyo ingemtosha.

Mzee Ngasa alikuwa anapita kwa kila mwenye mbwa. Alipofika kwangu nikapiga goti kidogo nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Ni mtu mwenye haya. Alikuwa anatafuta namna ya kuniuliza bila kuniuliza.

"Mama Kulwa," akasema mwishowe, "mwenyewe yuko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo watu wakaanza kutazama chini, wote, wa mbugani na wa kilimani. Walikuwa wameshanijibia. Na Shija, kwa wema wake, kwa sababu Shija ni mtu mwema, wewe ulimwonea tu, akasema taratibu, "Mzee, mwache dada yangu. Mbwa atakimbia mwakani."

Mwakani! Neno hilo likanichoma. Nilimtazama Mtachoka na mdomo wake wa mvi, masikio yamesimama, mwili mzima unamtetemeka kwa kuzisikia njuga za wengine. Nikawaona wale watu wazuri, wenye huruma, waliokuwa tayari kunihurumia mwakani, na mwaka wa baadaye, na mwaka mwingine, mpaka na mimi niote mvi hapohapo nimeshika kamba. Nikakasirika, Baba Kulwa. Sijui nilimkasirikia nani. Nadhani wewe.

Nikasema, "Amelala."

Nililisikia kwa masikio yangu kama limesemwa na mtu mwingine. Mzee Ngasa akavua kofia. Zile nyimbo za masimango zilikatika katikati. Kuna mwanamke nyuma yangu aliyesema "Mayu wee!" kwa sauti ndogo. Nikachuchumaa, nikaitoa njuga kwenye leso. Ule ukanda wa ngozi ulikuwa umekakamaa kwa kukaa ukutani bila mafuta, haukukubali kupinda, nikaulowesha kwa mate nikaufunga. Fundo lilikaa. Mtachoka alisimama kimya kabisa, alijua.

Nilipomwachia alifanya vituko. Alikimbia ovyo, duara kubwa, njuga inalia hovyohovyo kama ya mbwa mgeni, na wa kilimani wakaanza kuguna. Nikapiga mluzi wa vidole viwili. Akageuka mara moja. Lakini hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu, upande wa barabara, akakaa anatazama huko. Nilijua anamtafuta nani. Kama kuna kitu kilichokaribia kuniliza siku ile, ni hicho. Nikapiga tena. Safari hii akanitazama, akafikiri kidogo, akainamisha pua akaanza kazi.

Basi hapo ungemtambua mbwa wako. Njuga ikaanza kwenda kwa mpangilio, inafuata kingo, inarudi, inafuata kingo nyingine. Ilishuka kwenye lile jaruba la mwisho lenye nyasi ndefu, sikumwona tena, nikawa na sauti tu. Nikafumba macho. Inalia. Inalia. Ikakatika.

Mbwa wa Shija alikuwa anakuja na njuga yake kutoka upande wa pili, alimpita Mtachoka karibu sana, mbwa mwingine yeyote angeyumba. Kimya. Nikaanza kwenda, kisigino kwanza, juu ya kingo, kama ulivyonifundisha, na kwa jinsi nilivyokwenda polepole niliona inzi wananitua usoni na sikuwapunga. Nikamkuta amesimama. Mguu mmoja juu, mkia umenyooka, mdomo wenye mvi umeelekea kwenye kichaka cha nyasi ambacho mimi nisingekitilia shaka hata kidogo. Nikapiga mguu chini. Kwale wawili wakapaa kwa kelele ile yao ya kumtoa mtu roho, wakaenda zao mbugani. Mtachoka hakutingishika. Ndipo vigelegele vikapasuka nyuma yangu, na Mzee Ngasa, bado ameligeuzia shamba mgongo, akanyoosha mkono akasema, "Huyo." Halafu kwa kufuata desturi akauliza mbwa ni wa nani.

Nikasema, "Wangu."

Nina jambo moja la kukuambia na sitalizungusha. Muda ule njuga iliponyamaza, mimi nikiwa juu ya kingo, sikukuwaza. Nilisahau basi la Kahama, nilisahau duara, nilisahau kwamba dakika chache nyuma nilikuwa nimekutangaza maiti. Nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke miguu yangu kuwa mahali ilipo. Na nilipogundua kwamba nimefurahi, sikuona haya, niliona wivu. Kumbe ndiyo raha uliyokuwa unaifuata kila jioni huko shambani, na sisi tukidhani unamfundisha mbwa.

Nilirudi nyumbani mchana, Mtachoka mbele, njuga shingoni inalia. Mama yako alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Bonde halipo mbali, alikuwa amesikia yote.

"Nimeisikia njuga," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ulisema nini?"

"Nilisema amelala."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kufukuzwa, njiani nilikuwa nimeshahesabu vyombo vipi ni vyangu. Mtachoka akaenda akajilaza miguuni pake, anahema. Mama yako akanyoosha mkono akaishika ile njuga kuizuia isilie. Halafu akavua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya magoti.

"Ng'wanone," akaniambia, mwanangu, neno ambalo hajaniita tangu unioe, "leta wembe."

Nikamnyoa palepale mlangoni. Nywele zake nyeupe ni laini sana, sikuwahi kuzigusa. Nilipomaliza akanyanyuka, akanikalisha kwenye kigoda, akachukua wembe yeye. Mkono wake unatetemeka siku hizi lakini hakunikata hata mara moja. Watoto walikuja wakatukuta. Kulwa alisimama mbali, unamjua. Doto akaja moja kwa moja akapapasa kichwa cha bibi yake, halafu changu, akaangua kicheko. Bibi naye akacheka, nami nikacheka, tukacheka wote pale na vichwa vyetu vitupu vinavyong'aa, na katikati ya kicheko mama yako akabadilika akaanza kulia. Alilia kwa sauti, wazi, majirani wakaanza kuja. Nilitaka kumnyamazisha, akanisukuma mkono. "Niache," akasema. "Nimengoja sana."

Ndivyo ulivyozikwa. Hatukuwa na mwili, lakini watu walikuja, uji ulipikwa, Shija alileta kuni. Hukukosewa heshima.

Nami nilidhani baada ya hapo nitatulia. Jana basi la Kahama limesimama, nikajikuta nimesimama, mwiko mkononi, kichwa kitupu juani. Mteja akaniambia, "Mama, si mlishamaliza?" Nikamwambia ale ugali wake. Sijui itachukua muda gani miguu kusikia kilichosemwa na mdomo. Asubuhi hizi nakwenda na Mtachoka majarubani, mimi na yeye, namfungua tunatembea tu, na huko natulia kidogo.

Kama kweli umelala, Baba Kulwa, basi lala. Watoto wanakua. Mama yako anakula chakula chake kikiwa cha moto. Sina kinyongo nawe, isipokuwa siku mojamoja, na siku hizo namwambia Mtachoka.

Lakini kama uko hai, na mtu amekusomea haya, au umeyasoma mwenyewe umekaa juu ya mawe yako kule, basi wewe ni marehemu mwenye macho. Njoo utukanushe. Njoo uniaibishe mbele ya Mzee Ngasa na watu wote wa mbugani na kilimani, useme mke wangu ni mwongo, mimi huyu hapa. Nitasimama niaibike. Sitakuuliza ulikuwa wapi, si siku ya kwanza. Na ukitukuta na hivi vipara, mimi na mama yako, ucheke tu. Nywele huota.

Mkeo, au mjane wako, utasema wewe,

Mama Kulwa